Shimo la Moto Nyuma ya Nyumba Yetu

Wageni walipenda kuanza na mto. Nililijua hilo mapema, nikaipanga safari yao hivyo: siku ya kwanza mashua, wakatazame viboko na mamba, siku ya pili kutembea porini kwa miguu, askari wa bunduki akitufuata nyuma, siku ya tatu baharini, waoge, wajianike mchangani mpaka wawe wekundu, waokote makombe ya chaza. Jioni walikaa kuuzunguka moto wakisimuliana nani kaona nini. Niliwaongoza hivyo kwa miaka kadhaa katika hifadhi ile ya pwani, na watu bado wananiuliza kama ilikuwa kazi nzuri. Ilikuwa kazi nzuri. Ila shimo la ule moto nililichimba mimi mwenyewe, na kwa ajili ya shimo hilo nimezeeka nikijichukia.

Kwetu palikuwa mlemle ndani. Kabla ya hifadhi, kati ya Kwamsisi na bahari palikuwa na nyumba zetu kumi na moja, Wazigua watupu, na mihogo yetu, na mahindi, na mikorosho aliyoipanda baba. Uhuru ulitukuta pale. Nakumbuka tulivyokimbia kwenda kutazama bendera mpya, tukarudi na njaa, mama akatugombeza kwa sababu ndege walikuwa wamemaliza mtama. Miaka ikapita, wakaja ndugu maofisa kutoka wilayani kutuambia kwamba tumebahatika. Eneo lile sasa litakuwa la wanyama, na sisi tutahamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kwamsisi, penye shule, zahanati na bomba. Sitaki kuwasingizia watu. Shule ilikuwepo, wadogo zangu walisoma. Zahanati ilikuja baadaye. Bomba nalo lilikuja, ila maji hayakuja.

Siku ya kuhama lori lilifika asubuhi. Baba alikuwa ameshafariki, kaburi lake likiwa chini ya mkwaju, na mashahidi wawili wa mawe, mmoja kichwani na mwingine miguuni. Nilitegemea mama akalilie pale. Hakwenda. Nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na mafiga yake matatu, amechuchumaa, kiganja amekilaza ardhini. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikamwuliza mama kama amepoteza kitu, kiganja hakukiinua, nikampigia kelele ainuke watu wanasubiri. Akainuka, akajipangusa kaniki yake, akapanda lori. Mimi nilimpigia kelele mama yangu siku ile, na sijui kama aliwahi kunisamehe, maana sikuwahi kumwuliza.

Hapa lazima nieleze jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwetu, mtoto aliyezaliwa bila kulia hazikwi na wanaume. Mwalimu wa chuo cha Kurani haitwi, matanga hayakaliwi. Wanawake humchukua, humzika wao wenyewe nyuma ya nyumba, jirani na mahali mama yake anapopikia, kisha hurudi wamenawa mikono na kuendelea na kazi. Mahali penyewe mwanamume haambiwi. Haambiwi baba mtu, hawaambiwi kaka zake. Ukiuliza unajibiwa kwamba hayo ni mambo ya wanawake, na mwanamume mwenye adabu hulimeza swali lake. Mimi nilikuwa na adabu sana. Nilijua juujuu tu kwamba kabla yangu mama alimzaa mwingine ambaye hakulia. Hayo ndiyo yote niliyoyajua wakati ule, na nilidhani yananitosha; ya kuzikwa jirani na jiko nilikuja kuyajua baadaye.

Hifadhi ilipoanza kupokea wageni, bwana nyama, yule ofisa aliyesimamia wanyama, alitafuta vijana wanaolijua pori. Nilikuwa nimemaliza shule ya kati, Kiingereza changu kilisimama kwa kuchechemea lakini kilisimama. Akanichukua. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuchagua mahali pa kupiga mahema: pawe tambarare, pawe na kivuli, maji yawe karibu. Nikamwonyesha kwetu.

Nilijiona mjanja kupita kiasi. Kama wageni watalala pale, niliwaza, basi na mimi nitalala pale. Nitafagia kaburi la baba, nitalizungushia miiba, hakuna atakayelikanyaga. Serikali imetutoa kwa mlango wa mbele, mimi nimerudi kwa mlango wa uani, tena kwa mshahara. Na kweli kaburi la baba lilitunzwa. Wageni niliwaambia wasilikaribie, na hawakulikaribia hata siku moja. Ya nyumba yenyewe zilikuwa zimebaki nguzo mbili na tuta la udongo lililoota nyasi.

Bwana nyama alikuwa na sharti lake: moto lazima ukae shimoni, usije ukakimbia kwenye nyasi kavu. Nikazunguka na jembe na sururu nikitafuta pa kuchimba. Kila mahali ardhi ilikuwa ngumu isipokuwa nyuma ya nyumba, penye mafiga ya mama, ambapo udongo ulikuwa mweusi na laini, na tuta likikinga upepo. Nikasema moyoni, hapa palipikwa miaka yote, acha papikwe tena. Nilifurahi hata nikapiga mluzi.

Kina cha mkono mpaka kiwiko, jembe liligonga kitu. Nikakifukua kwa vidole. Kilikuwa chungu kidogo, cha uji wa mtu mmoja, kimefunikwa mdomo chini, kizima isipokuwa ufa mwembamba ubavuni. Nikakigeuza. Ndani na chini yake palikuwa na udongo tu. Mdomoni kilikuwa na alama za ukucha, tatutatu, zimezunguka pote, na alama hizo ningezitambua popote, maana mama alikuwa mfinyanzi na hiyo ilikuwa sahihi yake. Nikamkumbuka alivyochuchumaa pale siku ya lori. Kumbe alikuwa anaficha chungu! Watu wengi walifukia vitu vyao siku zile, vinu, majembe, hata vitanda, wakiamini tutarudi baada ya msimu mmoja. Nilicheka peke yangu nikiwaza, mama naye, mambo yote yale, yeye kahangaika na chungu cha uji.

Udongo niliouchimba niliupakia kwenye toroli nikaenda kujaza mashimo kwenye njia ya gari.

Mbona sikumpelekea mama chungu chake? Kwanza, sheria ya hifadhi ilisema hakuna kutoa kitu, hata jiwe. Pili, na hii ndiyo kweli zaidi, niliona aibu kumwambia kwamba mimi ninalala nyumbani na yeye haruhusiwi. Basi nikakiosha, nikakiweka kwenye meza ya kambi. Wageni nao hawakuruhusiwa kuondoka na makombe waliyookota baharini, kwa hiyo siku ya mwisho walikuwa wakiyamimina mle chunguni. Kikajaa. Kila kundi jipya lilianza kwa kuyamwaga mezani na kuyapanga, watu wazima, kama watoto wanaocheza kombolela na kusahau njaa.

Kipindi hichohicho nilioa. Mke wangu ni wa Mombo, mama yake alikuwa akiuza vyakula kwa abiria wa mabasi, na yeye alikulia palepale barabarani, hodari, mcheshi, haogopi mtu. Mimba ya kwanza ilifika miezi yake yote, mtoto akatoka hakulia. Nilikuwa mtoni na wageni, tunahesabu viboko. Niliporudi nyumbani nilikuta wanawake wameshanawa. Mimba ya pili ikaenda vilevile, na vilevile nilikuwa porini. Tulikwenda hospitali Korogwe, daktari akampima, akasema haoni kasoro, ale vizuri na asibebe mizigo mizito. Mke wangu aliacha kucheka. Alikuwa akisalimia watu, akipika, akienda shamba la kijiji zamu yake ikifika, lakini kucheka aliacha kabisa.

Mimba ya tatu ilipofika miezi mitano, mama alinikalisha chini.

"Mwanangu, nipeleke nyumbani. Siku moja tu."

"Kaburi la baba nalifagia mama, kila nikienda. Lina miiba pande zote."

"Sikulitaja la baba yako."

"La nani basi?"

Akasogea karibu nami. "Nina maji ya kumwaga. Kuna mtu kule hakuambiwa kwamba tulihamishwa. Tumemwacha miaka yote hii bila neno, naye alizoea nyumba iliyojaa watu. Unaona mwenyewe nyumba yako. Nipeleke kabla mkeo hajajifungua."

Wapo watakaosema ni ushirikina. Waseme. Mimi nilimwelewa vizuri kabisa, na nilimwamini, kwa sababu daktari alikuwa amesema haoni kitu na mama alikuwa amesema anaona. Nikaenda kwa bwana nyama, nikaomba.

"Ndugu," akaniambia, "mama yako nikimruhusu, keshokutwa kijiji kizima kitakuwa mlangoni. Wageni wana vibali. Wenyeji hawana."

"Kibali cha mwenyeji kinatolewa wapi?"

"Hakitolewi."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. Lakini siku ile nilitamani kumtukana, na nikatamani kuwatukana wageni pia, ambao walikuwa hawajanikosea lolote. Mtu anatoka ng'ambo huko, anatandika kitanda chake jikoni kwa mama yangu, na mama aliyezaa pale anahitaji kibali ambacho hakipo. Nikasema ndiyo mzee, nikatoka nje. Mke wangu alihitaji kula vizuri, na chakula chake kilitoka kwenye kazi ile.

Wiki chache baadaye akaja mgeni mmoja, mama wa makamo, mwalimu, ambaye alishawahi kuja msimu uliopita. Huyo viboko hakuwajali sana. Alipenda kukaa kambini na kile chungu, akikigeuzageuza, akipitisha kidole kwenye alama za ukucha. Akaniuliza nani alikifinyanga. Na mimi na domo langu nikajitapa kwamba ni mama yangu mzazi, na hakuna mwanamke anayefinyanga kama yeye kuanzia hapa mpaka Handeni mjini. Akaomba amwone akifinyanga. Bwana nyama alifurahi kuliko mimi. Wageni walikuwa wameanza kulalamika kwamba siku ya nne hakuna la kufanya, na hapa pamepatikana jambo.

"Mlete," akasema. "Afinyange mbele yao. Huyo atakuja kikazi, si kama mwenyeji."

Nilikwenda kijijini nikikimbia. Mama aliposikia aliweka chini ungo wake.

"Kwa hiyo naingia kama kiboko, nitazamwe," akasema.

"Mama, ukiona vibaya..."

"Nani kasema vibaya? Nitafinyanga. Wakitaka nicheze na ngoma, nitacheza."

Asubuhi ya safari alikuwa tayari kabla ya gari. Alikuwa na udongo wa mfinyanzi kwenye gunia, kibuyu cha maji alichokiziba kwa guguta la hindi, na unga kidogo alioufunga kwenye pindo la kanga. Mke wangu alitoka nje na tumbo lake, akakigusa kile kibuyu kwa kiganja. Nilijisikia mtu mwema siku ile. Niliona nimemshinda bwana nyama, nimeishinda sheria, na mwanangu atalia.

Mama alikaa nyuma ya gari akilishikilia gunia. Tulipoupita mto na kuanza kuyumba kwenye ile njia niliyoijaza udongo, akanyoosha shingo kuutafuta mkwaju. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwenye zile nguzo mbili akapiga hodi. Hodi ya kweli, kwa sauti. Halafu akatazama nyuma ya tuta, akaona moshi.

Wageni walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya turubai kuuzunguka moto, wanakunywa chai. Yule mwalimu akainuka, akaja anatabasamu, amekishika chungu kwa mikono miwili pamoja na makombe yake, akimheshimu aliyekifinyanga. Mama alikipokea. Akapitisha kidole gumba kwenye zile alama za ukucha, polepole, mzunguko mzima.

"Nani alikitoa?" akaniuliza kwa Kizigua, sauti ya kawaida tu.

"Mimi, mama. Nilikikuta nilipokuwa nachimba."

"Unachimba nini?"

"Shimo la moto."

"Kilikuwa kimesimama au kimefunikwa?"

"Kimefunikwa."

"Na udongo wa chini yake?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na nilielewa yote mara moja, kuanzia kiganja chake ardhini siku ya lori. Nilimwambia kweli. Nilimwambia udongo niliupeleka njiani, kwenye mashimo ya gari.

Mama akageuka kuitazama njia tuliyojia. Kisha akanitazama mimi. "Kaka yako," akasema.

Sijui wengine hufanya nini katika saa kama hiyo. Mimi nilisimama. Nilikuwa na sare ya kaki na mabuti na filimbi shingoni, nikasimama. Mama akaomba mkeka. Akakaa, akafungua gunia, akafinyanga. Alifinyanga asubuhi nzima mbele ya watu wale, akiujenga udongo tabaka kwa tabaka, akiulainisha kwa kigunzi cha hindi. Mdomoni akapiga ukucha, tatutatu. Wageni wakapiga makofi.

Alipomaliza aliinuka na kibuyu chake na kile chungu cha zamani akaenda motoni. Wageni wakampisha. Akayatoa makombe chunguni moja moja akayaweka pembeni, akafungua pindo la kanga, akanyunyiza unga juu ya makaa, kisha akamwaga maji yote ya kibuyu. Moto ukalia, majivu yakaruka, moshi mweupe ukatufunika. Akachuchumaa kama siku ile, akakifunika chungu mdomo chini katikati ya majivu mabichi. Akawa anasema, si kwa kuimba wala kwa kulia, kama mtu anayemweleza jirani habari: "Hatukukuacha, baba. Tulibebwa. Mdogo wako hakujua. Kwa ajili ya mimba ile, usitushike." Kamera zilikuwa zinalia kila upande. Walidhani ni sehemu ya ufinyanzi.

Yule mwalimu peke yake aliishusha kamera yake. Akanisogelea akauliza mama anasema nini.

"Anaushukuru moto," nikamjibu.

Wakati wa kurudi tulipita njia ileile, maana hapakuwa na nyingine. Mama aliivua kanga yake ya mabegani akajifunika uso mpaka tulipovuka mto. Mimi nilikaa mbele na dereva. Kesho yake nililifukia lile shimo, chungu kikiwa ndani, nikachimba jingine mbali, pagumu, mpaka viganja vikatoka damu. Bwana nyama aliuliza sababu, nikamwambia upepo.

Mke wangu alijifungua mwanzoni mwa mvua, mchana. Safari hii sikuwa porini. Nilikaa nje, mgongo ukutani, nikisubiri sauti. Nilisikia wanawake wakihimizana, nikasikia mke wangu akipiga kelele moja ndefu, halafu nikasikia kuku wakiparua. Nilisubiri. Watu wakapita na majembe mabegani wakitoka shamba la kijiji, wakanisalimia, nikaitikia. Kisha wanawake wakatoka kwa mlango wa uani, na kwa jinsi walivyotoka sikuwa na haja ya kuuliza. Nilibaki nimekaa na adabu yangu.

Walirudi wamenawa mikono. Mama hakuwa pamoja nao. Nikasikia ananiita kutoka nyuma ya nyumba.

Nilimkuta amesimama karibu na jiko la mke wangu, jembe dogo mkononi, miguu ina tope. Mke wangu alikuwa analia ndani, tuliweza kumsikia.

"Sogea hapa," mama akasema.

"Mama, haya si mambo yetu wanaume."

"Najua. Mimi nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha alifundishwa hivyo. Lakini waliofundisha hawakujua kuhamishwa." Akanishika mkono, ule wa kulia, kwa nguvu iliyonishangaza. "Huyu nimemlaza hapa. Wa kike. Wale wawili wako pale, penye mgomba, mmoja kila upande. Umeona?"

Nikaangalia tope la miguuni kwake.

"Tazama vizuri. Siku wakija tena na lori lao, mimi sitakuwepo, na jembe watakupa wewe."

Nikatazama. Palikuwa pamefagiwa, pana alama za nyayo za wanawake, na mvua ilikuwa imeanza kuzifuta.